Pumzi Si Pepo

Kuna mahubiri yanayotembea katika simu za vijana wetu, tangu Wasso hadi Ololosokwan, na sasa yamefika hata kwenye vikao vya wazee wa kanisa. Yanasema kwamba karate, judo na michezo yote ya mapigano iliyotoka Japani ni madhabahu za mashetani. Anayejifunza kupumua kwa namna ya Wajapani anavuta roho chafu. Anayeinama mbele ya mwalimu wake ameshaingia agano. Na lile fundisho la nguvu mbili zinazopingana ndani ya mwili, moja ngumu na moja laini, eti ni mlango ambao shetani ameuacha wazi akisubiri mtoto wa Mkristo apite. Mhubiri anapaza sauti, kinanda kinalia nyuma yake, na mwishoni inatajwa namba ya kutumia sadaka.

Nasema mahubiri hayo ni ya uongo. Sisemi yametiwa chumvi. Yanakosea juu ya mwili wa mwanadamu, na lililo baya zaidi, yanakosea juu ya Mungu. Nayo yameanza kuwatoa watoto wetu kanisani, ndiyo maana ninaandika.

Wengi wanaoukataza mchezo huu hawajauona hata siku moja, basi tuanze kwa kuutazama. Karate iliyoota mizizi mapema Dar es Salaam ni ya mtindo uitwao Goju-ryu. Mwasisi wake ni Chojun Miyagi, mtu wa Naha katika kisiwa cha Okinawa, aliyezaliwa mwaka 1888 na kufariki 1953. Jina lenyewe ni fundisho: go ni gumu, ju ni laini. Kwetu Tanzania uliletwa miaka ya 1970 na Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, aliyefundisha pale Zanaki, na chuo chake kikaitwa Hekalu la Kujilinda. Najua neno hekalu litawashtua wengine. Lakini Mtume Paulo ndiye aliyeuita mwili hekalu, katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 6, wala hakumwomba mtu ruhusa. Zanzibar nako, tangu miaka ya 1990, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka amefundisha vijana judo, mchezo ulioanzishwa Tokyo mwaka 1882 na mwalimu wa shule, Jigoro Kano. Ile ju ya judo ndiyo hiyo hiyo ju ya Goju: ulaini, kukubali, kutoshindana na nguvu kwa nguvu.

Mwanafunzi wa Goju-ryu hufundishwa zoezi liitwalo Sanchin. Anasimama, nyayo zimeelekezwa ndani kidogo, magoti yamelegea kidogo, kidevu kimerudishwa, pumzi inashuka hadi tumboni na kutoka taratibu. Hakuna kingine cha kutazama, na mtu anayepita njiani angesema huyu amesimama tu. Lakini mwalimu anamzunguka. Anamsukuma kifua, anampiga makofi mabegani na mapajani, anatafuta mahali palipolegea na mahali palipokaza kupita kiasi. Miguu isiposhika ardhi, mtu anang'oka. Utosi usiponyanyuka, mwili unaporomoka kama kibanda kilichotolewa nguzo. Kwa hiyo anatakiwa kwenda chini na kwenda juu wakati mmoja. Mbele na nyuma ni vivyo hivyo. Asiyezoea akisukumwa kifuani hujibu kwa kusukuma. Yule aliyemsukuma akiacha ghafla, anaanguka kifudifudi. Aliyezoea hajibu. Mwili wake umejinyoosha sawa kwenda mbele na kwenda nyuma, na msukumo unakosa mahali pa kushika.

Jozi hii Wajapani, waliojifunza kwa Wachina, huiita in na yo. Asili ya maneno hayo ni upande wa kivuli na upande wa jua wa kilima kimoja. Mtu yeyote aliyechunga mbuzi asubuhi ya baridi katika vilima vyetu anajua kilima kina pande hizo mbili, na anajua pia ni kilima kimoja.

Sasa niulize: hili ni jambo geni Oloipiri? Mtazame mama anayerudi na mzigo wa kuni mgongoni, ukanda umepita juu ya kichwa chake. Mzigo unamvuta nyuma, shingo na kifua vinajibu mbele, na kati ya mivuto hiyo miwili anatembea kilomita nyingi huku akisimulia habari za jirani. Hakuna aliyewahi kumwombea afunguliwe. Watazame morani wanaporuka. Anayeukaza mwili wote haendi juu. Anayeulegeza wote, magoti yanamwangusha. Aliye hodari ni mgumu kama fimbo kiwiliwili na mlaini vifundoni, kisigino hakigusi chini, na kila anavyoshuka ndivyo anavyopata nguvu ya kupanda. Au waulizeni ndugu zetu Wabatemi wa Samunge na Digodigo habari za upinde. Mti unataka kunyooka, kamba haitaki. Siku mmoja wao atakaposhinda, upinde umevunjika au umelegea, na mshale hauendi popote.

Hata mtu aliyelala usingizi anaishi kwa jozi hizi. Mkono unakunjwa na msuli wa mbele na kunyooshwa na msuli wa nyuma. Mmoja ukikaza mwenzake hulegea, na mkitaka kushika kikombe cha chai bila kukimwaga lazima yote miwili ifanye kazi kwa kuheshimiana. Moyo una mishipa ya fahamu inayouharakisha na mingine inayoupunguza mwendo. Mapafu yanajaa na kuisha. Waliosoma uuguzi katika usharika wetu wanaweza kuwaelezeni haya vizuri kuliko mimi.

Nani aliyeziweka nguvu hizi zipingane namna hiyo na bado zitupe uhai? Mtoto wa kipaimara anajua jibu. Katika maelezo ya sehemu ya kwanza ya Imani, Katekisimu Ndogo ya Luther inamtaja Mungu kuwa mwumba wa mwili na roho, macho, masikio na viungo vyote. Vyote. Hatukufundishwa kwamba viungo ni vya Mungu na jinsi vinavyofanya kazi ni ya mwingine. Pumzi je? Mwanzo sura ya 2 inasema Mungu ndiye aliyeipuliza katika pua za mwanadamu. Ezekieli sura ya 37 inaiita irudi kutoka pande nne katika mifupa mikavu. Mhubiri anayesema kwamba kijana akivuta hewa polepole hadi tumboni amevuta pepo, amempa pepo hewa ya Mungu bure. Mwizi huhangaika kuiba. Huyu anampelekea shetani mali nyumbani kwake.

Wapo watakaosema: Mchungaji, wewe Mlutheri, Luther angesema nini juu ya vijana kukabana shingo uwanjani? Luther alishasema. Katika Mazungumzo ya Mezani aliisifu muziki, na pamoja nayo michezo ya nguvu kama mieleka na kupigana kwa upanga, kwamba inaujenga mwili vizuri na kuwaepusha watu na ulevi, uasherati na kamari. Mwacheni mwanafunzi wa Luther atazame vijana walivyojaa kwenye vilabu vya pombe siku ya mnada, kisha aseme kama ushauri ule umepitwa na wakati.

Kuna hoja moja ya wapinzani wangu ambayo ni ya kweli, nami sitaikwepa. Michezo hii haikuzaliwa katika nchi ya Kikristo, na baadhi ya walimu wake wakubwa walikuwa watu wa dini. Morihei Ueshiba, aliyeanzisha aikido na kufariki mwaka 1969, alikuwa mfuasi wa Omoto, dini iliyochipuka katika Shinto ya Kijapani, na alizungumza juu ya mchezo wake kwa lugha ya dini hiyo. Katika kumbi kadhaa huko Japani utakuta rafu ya ibada ukutani. Basi mzazi Mkristo ana haki ya kuuliza mtoto wake anainamia nini. Akiinamia rafu ya miungu, jibu letu ni lile la vijana watatu mbele ya sanamu ya Nebukadreza. Akimwinamia mwenzake kabla ya kumwangusha na baada ya kumwangusha, hiyo ni shikamoo ya huko. Watoto wetu huinamisha vichwa ili wazee wawaguse utosini, na hakuna mtu aliyeiita ibada ya sanamu. Someni pia Wafalme wa Pili sura ya 5. Naamani aliyeponywa anamwambia Elisha kwamba kazi yake itamlazimu kuinama katika nyumba ya Rimoni, bwana wake akiuegemea mkono wake. Nabii angeweza kumtolea mahubiri ya saa tatu. Alimwambia aende kwa amani.

Kuuliza ni haki. Kulaani bila kuuliza ni uvivu.

Lakini kosa la juu ya mwili ni dogo likilinganishwa na lile la juu ya Mungu. Sikilizeni tena mahubiri hayo, mkihesabu. Jina la shetani linatajwa mara ngapi, na la Kristo mara ngapi? Shetani huyu ana milango kila mahali: katika mazoezi, katika nywele, katika rangi ya shanga, katika ndoto. Mungu anasukuma huku, shetani anasukuma kule, na Mkristo amekaa katikati akitetemeka, asijue leo nani atashinda. Ulimwengu umekuwa uwanja wa nguvu mbili zinazokaribiana, na kazi ya mhubiri ni kuongeza uzito upande mmoja kwa mafuta, chumvi na kelele. Ndugu wapendwa, hiyo ndiyo in na yo ya kweli! Mjapani ameiweka katika goti na bega, mahali inapostahili. Mhubiri huyu ameipandisha hadi kiti cha enzi cha Mungu, akampa shetani nusu ya kilima.

Hata mababu zetu hawakufika huko. Walimtaja Engai Narok, mweusi kama wingu la mvua, mwenye neema, na Engai Nanyokie, mwekundu, mwenye hasira ya ukame. Waulizeni wazee, na wengi watawaambia ni Engai mmoja. Walijua mvua na kiangazi havitoki kwa wafalme wawili. Na Biblia, tukifungua Ayubu sura ya 1, inamwonyesha Shetani akija mbele za Bwana na kupewa mpaka asioweza kuuvuka. Anayeomba ruhusa hawezi kuwa uzito wa upande wa pili wa mizani.

Nikiwa nimewakemea hao, niwageukie wengine, maana wapo wanaoupenda mchezo huu na wanakosea kwa kinyume. Wamesikia kwamba mwili husimama kwa kupatanisha nguvu zinazopingana, wakadhani wamepata siri ya wokovu. Wanasema maisha yote ni mizani: wema kidogo, ubaya kidogo, mradi visizidiane. Mjini utakutana na wauzaji wa bangili na maji ya kusawazisha nguvu za mwili, kwa bei ya ndama. Sisi ambao mwaka 2011 tuliona magari yamepanga foleni ndefu kwenda Samunge kwa ajili ya kikombe, tunajua kiu ya watu ya afya ilivyo kubwa. Simlaumu mwenye kiu. Namlaumu anayemwuzia mwenye kiu neno la mazoezi ya mwili kana kwamba ni Injili.

Na wengine wako ndani ya usharika, hawajawahi kuona karate, ila mizani wanaijua sana: Jumapili mezani pa Bwana, Jumatano kwa oloiboni, sadaka ya mavuno upande huu, ng'ombe wa mjane upande ule. Wanatumaini siku ya mwisho sinia zitalingana.

Katika jambo hili chuo cha theolojia hakikutuacha gizani. Luther, tangu alipofundisha Waraka kwa Warumi miaka ya 1515 na 1516, alisema Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Watu husikia maneno hayo wakafikiri ni nusu kwa nusu, kama chai ya maziwa. Hakusema hivyo. Nikijitazama mwenyewe, mimi ni mwenye dhambi mzima, kichwa hadi nyayo. Mungu akinitazama katika Kristo, mimi ni mwenye haki mzima. Hakuna kiasi cha mazoezi kitakachonipatanishia mambo hayo mawili kifuani mwangu, maana haki hiyo haitoki kifuani mwangu. Na Paulo katika Warumi 5 hasemi kwamba dhambi ilipoongezeka neema nayo ikaongezwa ili kusawazisha. Neema ilifurika kupita. Upinde huhitaji mti na kamba visishindane hadi mwisho. Msalabani mmoja alishinda.

Ndiyo maana ninakataa kabisa makosa yote mawili, nikijua yanafanana kuliko wenyewe wanavyodhani. Mmoja amechukua jambo la msuli akalifanya pepo. Mwingine amechukua jambo la msuli akalifanya mwokozi. Msuli wenyewe hauna habari. Unataka kufanya kazi.

Sasa nije kwa kijana aliyesababisha haya yote. Ni mtoto wa usharika wetu, wengi mtamjua bila mimi kumtaja. Kama vijana wetu wengi alikwenda Zanzibar kulinda, akakaa miaka kadhaa, na jioni alipokuwa hana zamu alijifunza judo. Alirudi bila gari na bila fedha nyingi. Alirudi na jambo moja: anajua kuanguka. Hilo ndilo somo la kwanza la judo, kabla hujaruhusiwa kumwangusha mtu. Kidevu kifuani, mgongo uwe wa mviringo, mkono uipige ardhi kabla mwili haujafika. Akaanza kuwafundisha wavulana kwenye majani nyuma ya kanisa. Mzee mmoja alipita, akawasikia wakitoa pumzi kwa pamoja, akaniuliza, "Mchungaji, hawa watoto wanapumua nini?" Nikamjibu, "Hewa, mzee." Hakucheka. Wiki mbili baadaye kijana alisimamishwa kwaya hadi apitie maombi ya kufunguliwa.

Hakubishana. Aliinama, akatoka, na tangu hapo Jumapili tatu hatujamwona.

Nawauliza waliomsimamisha: mnajua tunawapoteza vijana wangapi kwa hasira ya dakika moja? Nimesimama makaburini kwa ajili ya kijana aliyepigwa rungu la kichwa katika ugomvi ulioanza kwa kusukumana bega. Mmoja alisukumwa, akaona aibu, akajibu, na kabla wakubwa hawajafika mtu alikuwa chini. Na hapa kwetu neno kusukumwa lina uzito wa pekee. Kila boma linajua. Anapotokea mtu wa kuwafundisha wavulana kwamba unaweza kusukumwa usianguke na usipige, sisi tunamtafutia pepo! Yakobo alishindana mweleka usiku kucha pale Yaboki, kama Mwanzo 32 inavyosimulia, akaondoka na baraka na nyonga iliyoteguka. Paulo alijifunza kwamba uweza wa Kristo hukaa juu ya udhaifu wake. Wenye Maandiko ya namna hiyo ndio tungekuwa wa kwanza kuelewa ulaini unaweza kuwa na nguvu gani.

Nimelipeleka jambo hili kwenye baraza la wazee, na nimesema wazi nitakachokisimamia. Kijana arudi kwaya bila sharti, kwa sababu hana la kufunguliwa. Mazoezi yafanyike Jumamosi saa kumi, baada ya kwaya, hapo hapo nyuma ya kanisa ambapo kila mzazi anaweza kuona. Wasiwekewe rafu wala picha ya mtu. Waanze kwa sala, waamkiane kwa kuinama kama walivyozoea, na mabinti wakitaka wajifunze nao, hasa wao. Mzee yeyote mwenye wasiwasi aje aketi, kiti chake kitakuwepo. Na yule mwenye mahubiri katika simu yake asiyapigie watoto tena katika uwanja wa kanisa mpaka atakapoyasikiliza nami, sentensi kwa sentensi, Biblia ikiwa wazi mezani.